Kibandiko Kinasema 1080p: Dhana Potofu Kuhusu Kamera za Kompyuta za Bei Chee

Kamera yangu ya kwanza ya kuchomeka kwenye kompyuta ilikuja na kibandiko cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa 1080p. Kwenye mkutano wa kwanza, mwenzangu mmoja aliniuliza kama nimejifungia stoo. Nilikuwa sebuleni, taa inawaka. Tangu hapo, kila anayeniomba ushauri kuhusu vifaa hivi huniletea imani zilezile nilizokuwa nazo mimi siku ile naifungua boksi.

"Imeandikwa 1080p, basi picha ni 1080p"

Picha ya 1080p ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla zaidi ya milioni 2. Lakini baadhi ya kamera za bei ya chini zinazobeba jina hilo zina sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ya 1280 kwa 720, ambayo haifikishi hata milioni moja, na nyingine ya 640 kwa 480, yaani laki tatu na ushei. Pikseli zinazopungua hubuniwa na programu: inatazama nukta mbili jirani, inakisia ya katikati. Ni sawa na kuivuta fulana ya mtoto ili imwenee mtu mzima. Itaenea, ila uzi ni uleule.

Kuigundua si kazi. Shika ukurasa wenye maandishi madogo umbali wa mkono, piga picha kamera ikiwa kwenye 720p, kisha 1080p, halafu zikuze zote zilingane. Kama hakuna hata herufi moja iliyosomeka vizuri zaidi, umenunua kibandiko.

Hata sensa ikiwa ya kweli, bado kuna suala la waya. USB 2.0, ambayo ndiyo inayotumiwa na nyingi ya kamera hizi, haivuki megabiti 480 kwa sekunde. Video ya 1080p isiyobanwa, kwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kila sekunde, inadai karibu 1,000. Kwa hiyo lazima kamera iibane kabla ya kuituma, na chipu dhaifu hubana bila huruma: nywele zinageuka doa moja, ukutani nyuma yako vinazuka viraka vya mraba.

"Video ikikwamakwama, ni intaneti"

Hii ndiyo inayowaumiza watu zaidi, maana mtu anaishia kulipia kasi kubwa ya intaneti kumbe tatizo analo mezani.

Ili kamera itoe fremu 30 kwa sekunde, kila fremu inapata muda usiozidi 1/30 ya sekunde kukusanya mwanga. Sensa ndogo iliyo nyuma ya kijilenzi cha plastiki haitosheki na muda huo chumba kikiwa na mwanga hafifu. Inachofanya, bila kukuomba ruhusa, ni kuongeza muda hadi 1/15. Fremu zinashuka hadi 15. Ukipunga mkono unaacha mkia, ukigeuza kichwa uso unaburuzika. Anayekutazama upande wa pili anakwambia mtandao wako mbovu, nawe unamwamini.

Zima intaneti kabisa, fungua programu ya kamera iliyomo kwenye kompyuta, jitazame. Bado unaburuzika? Sogeza taa ya mezani karibu na uso. Ukiona mwendo umelainika papo hapo, acha kumlaumu mtoa huduma wako. Mimi nilifanya jaribio hili baada ya kubadilisha ruta, jambo ambalo sipendi kulikumbuka.

Mistari inayopanda na kushuka kwenye picha nayo husingiziwa intaneti. Taa zinazotumia umeme wa hezi 50 humeta mara 100 kwa sekunde, na kwenye hezi 60 humeta mara 120. Jicho halioni, kamera inaona. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, tafuta palipoandikwa 50 Hz na 60 Hz, chagua inayolingana na umeme wa mahali ulipo. Kuna kamera za bei chee ambazo hazina kabisa chaguo hilo, na hapo huna la kufanya zaidi ya kubadilisha taa.

Halafu kuna suala la uso wenyewe. Kamera za namna hii hupima mwanga kwa wastani wa picha nzima. Mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera inauhudumia ukuta, na yeye anabaki kivuli chenye meno. Zilizo bora zaidi huutafuta uso kwanza ndipo zipime. Ukilazimika kuishi na ile ya chee, geuza kiti ili dirisha liwe mbele yako.

"Hailengi yenyewe? Si kitu, nitazungusha lenzi kwa mkono"

Utaizungusha leo, na kesho, na keshokutwa. Pete ile ya plastiki huwa imelegea, na waya mgumu kuliko kamera yenyewe unaivuta na kuigeuza kila ukigusa meza. Ukitaka kumwonyesha mtu karatasi au kifaa kwa karibu, ataona ukungu.

"Maiki imo ndani, sina haja ya nyingine"

Maiki hiyo iko juu ya skrini. Mdomo wako uko mbali, kibodi iko karibu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo. Visikizi vya simu vyenye maiki, hata vilivyochakaa, mara nyingi vitaishinda.

"Lazima usakinishe programu iliyokuja kwenye diski"

Iache kwenye boksi. Tangu 2003 kuna kanuni ya pamoja ya kamera za USB iitwayo UVC, na Windows, macOS na Linux zote zinaitambua. Kamera inayokataa kufanya kazi bila programu ya asiyejulikana ni ya kurudishwa dukani.

"Taa ya kamera haijawaka, kwa hiyo haioni"

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha jinsi ya kuwasha kamera iliyojengwa ndani ya MacBook za zamani, zilizotoka kabla ya 2008, bila taa yake kuwaka. Hizo hazikuwa za bei chee hata kidogo. Kifuniko cha kusukuma kwa kidole, au kipande cha karatasi, hakidanganyi.

"Basi kila kamera ya bei chee ni takataka"

Hapana. Programu za mikutano zenyewe hupunguza ubora wa picha, hasa mkiwa wengi kila mmoja kwenye kidirisha chake, na ukiwa na mwanga mzuri usoni hakuna atakayejua unatumia kamera gani. Pia huenda kamera nzuri tayari unayo mfukoni: iPhone inaweza kuwa kamera ya Mac tangu 2022, na baadhi ya simu zenye Android 14 hufanya hivyo kwa waya wa USB tu.

Inategemea unataka kuona nini. Mwaka 1991, wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wasipande ngazi bure likiwa tupu. Picha ilikuwa pikseli 128 kwa 128, ya kijivu, na ilitosha kabisa hadi kamera ilipozimwa 2001.

Ile yangu yenye kibandiko cha dhahabu bado ipo. Inatazama kiti changu cha kazi nikiwa nimetoka, nijue kama paka amelala juu yake. Amelala.