Mbu hanunui amoksisilini

Nimeulizwa tena. Safari hii ni daktari wa intern, kijana makini kabisa. Nimemaliza tu kuwaeleza habari za Elizabethkingia anophelis, bakteria sugu kwa antibiotiki nyingi, kanyoosha mkono: "Lakini mkuu, huyu si kagunduliwa juzi tu, tena tumboni mwa mbu, sasa usugu kaupata wapi na hajawahi kukutana na dawa?" Wenzake wakaguna, eti swali zuri. Zuri kweli, ila nimelijibu mara ngapi jamani, na kila mara nyuma yake kuna imani ile ile kwamba usugu ulizaliwa famasi, siku mtu fulani alipomeza vidonge vitatu akaacha dozi.

Mbu hanunui amoksisilini. Tuanzie hapo.

Huyu mdudu alipewa jina rasmi 2011, katolewa kwenye utumbo wa Anopheles gambiae, mbu wetu wa malaria, wa asili ya Gambia. "Mpya" maana yake mpya kwenye daftari letu, yeye mwenyewe alikuwepo siku zote, na maabara kibao zilikuwa zinamwandika meningoseptica, jina la ndugu yake, kwa sababu database ya mashine haikuwa na jina lake. Kwenye kromosomu yake, yaani DNA yake kuu, sio kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine), kabeba jeni za vimeng'enya vitatu vya kuvunja beta-laktamu, dawa za ukoo wa penisilini: BlaB, GOB na CME. Hao wawili wa kwanza wanatumia zinki, na kukuta wawili wa aina hiyo kwenye kromosomu ya bakteria mmoja ni jambo adimu sana.

CME anatumia serini, moja ya asidi amino zake, anaishika dawa kwanza ndo anaiachia imeshavunjika. BlaB na GOB hawana muda huo, zinki inaandaa molekuli ya maji inaipiga ile pete ya dawa moja kwa moja, kwisha. Ndo maana klavulaniki, ile inayochanganywa na dawa ili kuwazuia wavunjaji kwa kuwashika, haiwasumbui, haina cha kushika. Aztreonamu, beta-laktamu nyingine, wenye zinki wanaishindwa, lakini sasa CME yupo pale pale anamalizia kazi.

Kama huamini vimeng'enya ni vitu vya kuonekana, chukua diski mbili za imipenemu (vikaratasi vyenye antibiotiki ya ukoo huo huo), moja tupu, nyingine idondoshee EDTA, kemikali inayonyakua madini, ziweke kwenye sahani yenye bakteria wa zinki. Asubuhi ile tupu wameisogelea mpaka ukingoni kabisa, ile ya EDTA imezungukwa na duara safi, maana EDTA imewanyang'anya zinki. Mara ya kwanza kuliona nilimwita mpaka mlinzi aje aone. (Na weka diski ya tatu yenye EDTA peke yake, maana EDTA yenyewe inaumiza baadhi ya bakteria, utajidanganya bure.)

Sasa umri. Abraham na Chain, watafiti wa penisilini wa Oxford, waliandika kuhusu kimeng'enya cha kuvunja penisilini Desemba 1940. Yule polisi wa Oxford, Albert Alexander, mgonjwa wao wa kwanza kutibiwa, alichomwa penisilini Februari 1941. Soma hizo tarehe tena taratibu. Kwenye udongo ulioganda Yukon, Kanada, wamekuta jeni za usugu za miaka 30,000 hivi. Kwenye pango la Lechuguilla, Marekani, sehemu iliyojitenga na juu kwa miaka zaidi ya milioni 4, bakteria wapo na wanazigomea dawa zetu nyingi tu. Ukungu na bakteria wa udongo wanatengeneza antibiotiki tangu enzi na enzi, majirani zao wangekaa kimya?

Sawa, lakini hapa ndo panaponichosha zaidi, maana nikishasema hivyo kuna mtu lazima aseme "ahaa, kumbe sio kosa letu." Hapana bwana! Kuwa na jeni ni kitu kimoja, jeni kusafiri ni kingine. CTX-M, hiyo ESBL (kimeng'enya kinachovunja beta-laktamu nyingi) tunayokutana nayo kwenye mikojo kila wiki, ilikuwa imekaa kimya kwenye kromosomu ya Kluyvera, bakteria ambaye wengi wenu hamjawahi hata kumsikia. Ikarukia plasmidi, ikaingia kwa E. coli, na sisi na seftriaksoni zetu, antibiotiki ya sindano, za kila homa tukawaua washindani wake wote tukamwachia uwanja. Kwa hiyo dawa haikukitengeneza kimeng'enya, dawa ilikichagua. Tofauti hiyo sio ya maneno tu, maana inabadilisha swali: usiulize tu mgonjwa kameza nini, uliza na jeni iko kwenye kromosomu au kwenye plasmidi.

Na nikiri kitu. Tunavyohubiri "maliza dozi" kwa kila ugonjwa huwa naona aibu kidogo. Kwa TB hakuna mjadala. Lakini kwa maambukizi mengine mengi tafiti zinaonyesha dozi fupi inatosha, na kila siku ya ziada ni siku ya ziada ya kuwachuja bakteria wa utumboni wabaki wale sugu. Usijikatishie mwenyewe, muulize aliyekuandikia, ila ujue somo sio jepesi kama bango la ukutani.

Mengine kuhusu huyu Elizabethkingia ni giza tupu. Kule Wisconsin 2015 na 2016 walithibitisha wagonjwa 63, wakafa 18, na chanzo hakikupatikana. Kwamba mbu ndo anawaambukiza watu haijathibitishwa, pamoja na jina lote hilo. Vankomaisini watu wanaitumia ingawa yeye ni Gramu hasi, kundi ambalo kwa kawaida dawa hiyo hailiwezi, na diski yake kwa mdudu huyu mimi siiamini hata kidogo, inaweza kukuonyesha duara zuri halafu MIC (kiwango cha chini cha dawa kinachomzuia bakteria kukua) ikasema mengine kabisa.

Intern akamalizia: basi majibu yake unayaandikaje? Naandika MIC za minosaiklini, levofloksasini na nyinginezo, chini naandika kwamba mdudu huyu hana mipaka yake mwenyewe ya kusema hii inafaa hii haifai, halafu napiga simu wodini, maana najua hiyo sentensi ya chini hakuna anayeisoma.