"Ana tezi": neno moja, maradhi mengi

Kuanzia Malindi hadi visiwa vya Lamu, mtoto akivimba shingo husemwa "ana tezi", na neno hilo hubeba mitoki, matubwitubwi, rovu na hata saratani. Utambuzi huanza kwa kulichambua: uvimbe uko wapi hasa, una siku ngapi, na ukiguswa ukoje.

Aghalabu ni mitoki, yaani vifundo vya limfu vilivyovimba vikipambana na maradhi ya koo, sikio, jino bovu au mapunye ya kichwani. Mtoki wa namna hii huteleza chini ya kidole, huuma ukibonyezwa, na hunywea baada ya wiki chache chanzo chake kikipona. Matubwitubwi hukaa mbele na chini ya sikio.

Uvimbe wa katikati ya shingo ni habari nyingine. Mtoto akiwa tumboni mwa mamake, tezi ya thairoidi hushuka kutoka kwenye shina la ulimi, na pengine njia yake haifungiki, ikabaki na kifuko cha majimaji. Ndiyo sababu mtoto akitoa ulimi nje, uvimbe hupanda, jambo ambalo mzazi aweza kulitazama mwenyewe nyumbani. Kukitumbua kifuko hicho ni kosa, kwani hujaa tena au huacha tundu lisilokauka. Daktari wa upasuaji hukiondoa pamoja na sehemu ya kati ya mfupa mdogo ulio chini ya ulimi, baada ya ultrasaundi kuthibitisha kuwa thairoidi yenyewe ipo mahali pake.

Kifua kikuu cha mitoki hupotosha kwa jina lake, maana mtoto aweza asikohoe kabisa: vifundo haviumi, hushikamana, na hatimaye ngozi hupasuka. Majimaji yake huvutwa kwa sindano nyembamba yakapimwe. Limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, mara nyingi huanzia tayani, hukua kwa siku wala si kwa miezi, na hutibika kwa dawa ikiwahiwa.

Najua kwamba kwa mzazi wa Faza au Siyu, kisiwani Pate, hospitali kubwa ni safari ya chombo na nauli. Hata hivyo, uvimbe uliozidi sentimita 2 na kudumu zaidi ya wiki 4, au ulio mgumu usiosogea, au unaoandamana na homa na kukonda, unastahili safari hiyo. Na ule unaotokea juu ya mtulinga usingojewe hata wiki moja.