Je, wajua? Mada ya kifungu inaweza kumbeba msichana au mvulana

Kati ya wavulana na wasichana, nani anaelewa zaidi anachokisoma kwa Kiingereza? Wengi watajibu upesi: wasichana. Jibu hilo lina msingi. Katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, unaopima vijana wa miaka 15, wasichana waliwapita wavulana katika kusoma kwa wastani wa alama 30 hivi kwenye nchi za OECD, yaani jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri. Ila PISA hupima usomaji kwa lugha inayotumika kufundishia shuleni. Anayejifunza lugha ya kigeni ana mambo yake.

Tazama Uholanzi. Huko, kwenye mitihani ya taifa ya ufahamu wa lugha za kigeni, Kiingereza kikiwemo, wasichana ndio waliopata alama pungufu kidogo. Watafiti Bügel na Buunk walilichunguza jambo hilo na mwaka 1996 wakaonyesha kuwa mada za vifungu zilichangia sana: kila upande ulifanya vizuri zaidi pale kifungu kilipogusa mambo unayoyapenda na kuyafahamu. Cindi Brantmeier naye aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, waliokuwa wakijifunza Kihispania, vifungu viwili: kimoja cha pambano la ngumi, kingine cha mama wa nyumbani aliyechoshwa na maisha yake. Wanaume wakaongoza kwenye ngumi, wanawake kwenye kile cha pili.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua kifungu kinachosema bondia alipigwa kidevuni, kisha likafuata neno geni, kisha mwamuzi akaanza kuhesabu. Anayefuatilia ndondi hahitaji kamusi. Mwamuzi hahesabu mpaka mtu awe chini, basi neno lile lazima lihusu kuanguka. Asiyejua ndondi atakwama hapo, tena huenda akadhani mwamuzi anahesabu pointi, na maswali matatu yanayofuata yakamponyoka yote. Wote wawili wanaweza kuwa na msamiati na sarufi sawasawa.

Pengo hili huonekana zaidi kwa wanafunzi wa ngazi ya kati. Brantmeier alipowapima waliobobea zaidi, halikujitokeza tena, maana aliyeijua lugha vizuri habahatishi sana.

Namna ya kuuliza nayo ina mkono wake. Maswali ya kuchagua jibu huelekea kuwafaa wavulana, na yale ya kujieleza kwa maandishi huwafaa wasichana. Kwa hiyo kifungu kilekile, kwa wanafunzi walewale, kinaweza kutoa matokeo tofauti.

Na akili za kuzaliwa je? Hyde na Linn walikusanya tafiti nyingi za uwezo wa lugha mwaka 1988, na katika ufahamu wa kusoma tofauti ya jinsia ilikaribia sifuri. Mimi hushuku zaidi mtihani wenye kifungu kimoja tu, hasa kikiwa cha mpira au cha mapenzi.