Nani Atakumbuka Ndoa ya Peter Parker?

Ninapohariri muswada wa komiki, mwandishi anayetaka kumuua mhusika, kumwozesha, kumvua kinyago au kumfufua mimi humuuliza swali moja tu: nani atakumbuka? Wengi hudhani nauliza kama wasomaji watapendezwa. Hapana. Nauliza ndani ya hadithi yenyewe, kesho yake asubuhi, ni nani atakayeamka akiwa amebeba yaliyotokea.

Swali hilo nimelipata kwa Spider-Man. Sijui shujaa mwingine ambaye mashabiki wake wamegombana naye kwa muda mrefu hivi bila kumwacha.

Alianza Agosti 1962, katika toleo la 15 la Amazing Fantasy, kazi ya Stan Lee na mchoraji Steve Ditko, na mfululizo wake mwenyewe, Amazing Spider-Man, ukaanza 1963. Kilichomtofautisha na wenzake si utando. Ni kwamba alikua. Superman alikuwa na umri uleule tangu 1938, lakini Peter Parker, kijana aliye nyuma ya kinyago cha Spider-Man, alimaliza sekondari mwaka 1965, msomaji akiona, akaingia chuo kikuu. Hapo ndipo kampuni yake, Marvel, ilipojifunga kamba bila kujua. Ukishamwonyesha msomaji kwamba muda unapita, atakudai muda siku zote.

Gwen Stacy, aliyekuja kuwa mpenzi wa Peter, aliingia mwaka huohuo, katika toleo la 31. Akauawa katika toleo la 121, mwaka 1973. Mwandishi Gerry Conway alikuwa kijana ambaye hata miaka 21 hajatimiza, mchoraji alikuwa Gil Kane. Adui wa Peter, Green Goblin, anamwangusha Gwen kutoka juu ya daraja, Spider-Man anarusha utando na kumnasa mguu, na kando ya shingo yake pana herufi nne ndogo za mlio wa kitu kinachovunjika. (Daraja lenyewe limechorwa kama lile la Brooklyn, ilhali maandishi yanasema ni George Washington. Kosa hilo likinijia usiku huwa silali vizuri, ingawa halinihusu.)

Barua za hasira zilimiminika. Leo hadithi hiyohiyo huhesabiwa miongoni mwa bora kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu Spider-Man. Imekuwaje? Maelezo ya kawaida ni kwamba mashabiki huzoea kila kitu wakipewa muda. Mimi nayakataa, na ushahidi wangu ni ukurasa wa mwisho wa toleo la 122. Mary Jane Watson, ambaye hadi hapo alikuwa msichana wa mizaha na starehe, amekuja kumpa Peter pole. Peter anamfokea aondoke. Mary Jane anakwenda hadi mlangoni, anasita, kisha anaufunga mlango akiwa bado ndani. Basi. Hakuna hotuba. Kutoka mlango ule hadi harusi yao ya 1987 ni miaka 14, na kila hatua ya miaka hiyo inatokana na kifo cha Gwen. Peter alikumbuka, Mary Jane alikumbuka, adui alikumbuka. Msomaji aliyelia hakulia peke yake.

Harusi nayo haikuwa kitu kidogo. Mbali na toleo maalumu la mwaka huo, waigizaji waliovaa kama Peter na Mary Jane walifungishwa ndoa hadharani katika uwanja wa Shea, New York, Stan Lee akiwa ndiye anayeifungisha. Kuna watu wazima leo walioanza kusoma baada ya siku ile, na kwao Spider-Man alikuwa mume wa mtu tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa njoo 2007. Shangazi May, aliyemlea Peter, amepigwa risasi na anakufa, kwa sababu mwaka uliotangulia Peter alijifunua uso mbele ya dunia nzima. Mephisto, shetani wa ulimwengu huo, anatoa sharti: atamponya mwanamke huyo mzee, naye atachukua ndoa ya Peter na Mary Jane, iwe haikuwahi kuwapo. Wanakubali. Peter anaamka akiwa kapera, hakuna anayejua uso wake, na rafiki yake Harry Osborn, aliyekwisha kufa, yu hai. Waswahili tunasema maji yakimwagika hayazoleki. Katika komiki huzolewa, lakini kwa kawaida huwa kuna mtu anayeonekana kushika kitambaa. Hapa sakafu ilikauka yenyewe, na wote waliokuwa chumbani wakasahau kwamba palikuwa na maji.

Ndiyo maana nasema watu hawakukasirikia talaka. Talaka ingekuwa na kumbukumbu: hasira, nguo zilizoachwa kabatini, kukutana kwa bahati mbaya mtaani. Walikasirika kwa kuwa waliachwa wawe mashahidi pekee wa miaka 20. Umesoma mamia ya matoleo, umemjua mtu huyu akiwa mume, kisha yeye mwenyewe anakutazama kama mgeni. Hata mwandishi wa hadithi hiyo, J. Michael Straczynski, alisema hadharani kwamba alifikiria kuondoa jina lake kwenye matoleo mawili ya mwisho.

Nimtetee kidogo mhariri mkuu wa wakati ule, Joe Quesada, aliyeichora hadithi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba ndoa ilimzeesha Peter na kumfungia waandishi milango, na kwamba kumfanya mtalaka au mjane kungemzeesha zaidi. Kwa mtu wa kazi hii, hoja hiyo haina upumbavu ndani yake. Mhusika asiye na mtu wa kumsubiri nyumbani ni rahisi kumwandikia. Kila mlango anaogonga unaweza kuwa mwanzo wa jambo. Nami nimewahi kumshauri mwandishi amtoe mke wa shujaa wake kwenye muswada kwa sababu hiyohiyo, na nilikuwa sahihi. Tofauti ni kwamba mke yule alikuwa bado hajachapwa. Hakuna msomaji aliyekuwa amemjua.

Na matokeo? Kuanzia Januari 2008 Amazing Spider-Man ilianza kutoka mara tatu kwa mwezi, ikiandikwa na kikosi cha waandishi waliopokezana, na nyingi kati ya hadithi zile zilikuwa nzuri kweli. Maadui wapya, vichekesho vilivyorudi, Peter asiye na hela ya kodi ya nyumba. Nilizinunua zote. Nilikuwa nasoma nikiwa nimenuna, kisha katikati ya toleo najikuta nimesahau kununa, kisha nakumbuka na kununa upya. Mtu akikuambia mashabiki hawajui wanachotaka, mwambie wanajua vizuri mno. Wanataka hadithi hizi nzuri na hawataki zilikotoka.

Gazetini mambo yalikwenda tofauti, tena kwa namna ya kuchekesha. Katuni ya kila siku ya Spider-Man, iliyokuwa na jina la Stan Lee, nayo ilijaribu kumrudisha Peter kwenye ukapera mwanzoni mwa 2009. Wasomaji wa magazeti hawakutaka. Miezi michache baadaye Peter akaamka kando ya mkewe: kumbe ilikuwa ndoto. Hila ya zamani kuliko zote, na mimi huwakatalia waandishi kuitumia, lakini pale niliipigia makofi.

Mfano unaonipa raha zaidi ni wa 2012. Katika hadithi inayoishia toleo la 700, adui yake Doctor Octopus anabadilishana akili na Peter, Peter anakufa ndani ya mwili wa adui yake, na adui anabaki akivaa uso wa Peter. Habari zilivuja kabla toleo halijatoka, na mwandishi Dan Slott akatishiwa kuuawa mtandaoni. Jambo la aibu, sina la kuongeza hapo. Lakini mfululizo uliofuata, Superior Spider-Man, uliodumu matoleo 31 hadi 2014, uliwageuza wengi walioapa kutousoma, mimi nikiwa mmojawapo. Kwa karatasi, mabadiliko haya ni makubwa kuliko kufutwa kwa ndoa: shujaa mwenyewe hayupo! Kwa nini basi yalivumilika? Kwa sababu siri iliandikwa ili igharimu. Otto, yaani Doctor Octopus, anajua. Msomaji anajua. Mary Jane anahisi jambo haliko sawa. Kila ukurasa unaongeza deni, na Peter aliporudi alikuta maisha yaliyoharibiwa na mengine yaliyotengenezwa na mtu mwingine, akalazimika kuyaishi.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuwaachia mashabiki waamue. Lilikwisha jaribiwa. Mwaka 1988 DC, kampuni pinzani ya Marvel, iliweka namba mbili za simu, senti 50 kwa kila simu, wasomaji waseme kama Jason Todd, Robin wa pili, yule msaidizi wa Batman, afe au aishi. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 aishi. Tofauti ni 72. Sijapata kuona hisia zilizogawanyika zikiandikwa kwa tarakimu safi kiasi hicho. Kilichopatikana si amani, ni nusu ya wasomaji yenye kinyongo na nusu nyingine yenye hatia. Jason alirudishwa 2005.

Mabadiliko ya mavazi nayaruka, maana hayo hujitibu yenyewe. Superman alivuliwa bukta yake nyekundu mwaka 2011, akarudishiwa 2018 katika toleo la 1000 la Action Comics, na wote waliogombana wakaenda zao.

Pana jambo la fedha ambalo mashabiki husahau. Nchini Marekani maduka ya komiki huagiza matoleo wiki nyingi kabla hayajatoka, na kwa desturi ya biashara hiyo yasiyouzwa hayarudishwi. Kwa hiyo hesabu anayoiona mchapishaji ni imani ya mwenye duka, na mwenye duka huagiza kwa wingi pale anaposikia kelele: kifo, harusi, mfululizo unaoanza upya na namba 1. Hasira yako inamfikia mchapishaji ikiwa imechelewa, tena mara nyingi ikiwa na risiti. Anayenunua kwa hasira amenunua.

Ndipo yakaja ya 2022, hadithi ya Spider-Man ikarukishwa miezi kadhaa mbele, Mary Jane akawa na mwanamume mwingine, na wasomaji wakangoja karibu mwaka mzima kuelezwa. Katikati yake, 2023, Kamala Khan, shujaa mwingine wa Marvel, akauawa katika kitabu kisicho chake na kufufuka miezi michache baadaye kwingine. Swali langu lilijijibu lenyewe: hata kaburi halikupata muda wa kuota majani.

Kisha Januari 2024, Jonathan Hickman na mchoraji Marco Checchetto wakatoa Ultimate Spider-Man, katika ulimwengu mwingine kabisa. Humo Peter ni mtu mzima, ana ndevu, ameoa Mary Jane, wana watoto wawili, na buibui anamuuma akiwa tayari baba. Mashabiki wa zamani waliichangamkia kama mtu aliyeona barua ya mpendwa aliyepotea. Mimi pia. Lakini nina mchoraji mmoja ninayefanya naye kazi, aliyeanza kusoma mwaka 2008, na nilipompelekea toleo la kwanza kwa bashasha zote alilitazama akakunja uso.

"Huyu mwenye watoto ni nani? Peter hajaoa."

Kwake yeye, sisi ndio tuliobadilisha. Sikubishana. Nilimpa nakala ya toleo la 122 iliyochapwa upya, nikamwambia aende moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho. Kesho yake aliirudisha, akasimama mezani kwangu bila kukaa, akauliza kama nina la 123.