Kerneli iliyonyamaza si kerneli nzima

Simu za Android tulizonazo mifukoni, kuanzia Kariakoo mpaka Goma, zinaendeshwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachogawa kumbukumbu na kusimamia vifaa. Sehemu kubwa ya kerneli hiyo imeandikwa kwa C, lugha inayokuachia kumbukumbu uishike kwa mikono yako mwenyewe: unaomba, unatumia, unarudisha. Ukisahau kurudisha, au ukirudisha kisha ukaendelea kutumia, C haikuulizi. Ndiyo maana watunzaji wake wamejenga mitambo ya kuwinda makosa ya aina hiyo usiku na mchana. Kuhusu makosa na mitambo hiyo nimesikia dhana nyingi potofu, na nyingine kutoka kwa watu wenye miaka yao kumi kwenye kazi.

"Kosa la kumbukumbu halijifichi, mashine itaanguka tu"

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote, kwa hiyo tuipigie hesabu.

Draiva, msimbo unaoendesha kifaa, inaomba baiti 123. Kerneli haina fungu la 123. Inatoa kwenye mafungu yaliyokatwa tayari, na linalotosha ni la baiti 128. Zinabaki baiti 5 ambazo hakuna aliyeziomba. Sasa mwandishi amekosea mzunguko kwa moja, akaandika kwenye baiti ya 124. Kinatokea nini? Hakuna. Baiti ile haina mwenyewe, na mashine itachapa kazi mpaka mwakani. Halafu siku moja mtu anaongeza sehemu moja kwenye muundo wa data unaokaa humo, ukubwa unafika 128 kamili, na ile baiti ya ziada inaangukia kwa jirani. Anayeanguka ni jirani, pengine nusu saa baadaye, kwenye msimbo usiohusika hata kidogo. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

KASAN, mtambo wa kukamata makosa ya kumbukumbu ulioingia katika Linux 4.0 mwaka 2015, ililetwa kwa ajili ya kimya hicho. Kila baiti 8 za kumbukumbu inaziwekea baiti 1 ya kivuli inayosema ni zipi halali, na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inapachika ukaguzi kwenye kila kusoma na kila kuandika. Kwa zile baiti 123, kivuli kinasomeka hivi: 00 mara 15, yaani baiti 120 zilizo halali zote, kisha 03, maana yake katika nane zinazofuata ni tatu za mwanzo tu ndizo ruhusa. Mbele yake ni fc, ukanda usiokanyagwa. Gusa baiti ya 124 na ripoti inatoka papo hapo: nani kagusa, nani aliomba kumbukumbu hiyo, na kila mmoja alifika pale kwa kupitia wapi.

Kabla ya hapo wazee walikuwa wakiijaza kumbukumbu iliyorudishwa thamani 6b. Ukikuta pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) 6b6b6b6b6b6b6b6b kwenye ripoti ya ajali, kuna mtu kasoma alichokwisha kukirudisha. Njia hiyo ipo mpaka leo na mimi bado naipenda, maana haidai kompaila yenye uwezo maalumu.

"Majaribio yote yamepita, tuunganishe msimbo"

Yamepita kwenye kerneli iliyojengwaje? Linux ina folda nzima ya majaribio ya usimamizi wa kumbukumbu, tools/testing/selftests/mm. Jaribio la humo likiita mmap, mwito wa kuomba eneo la kumbukumbu, linauliza: jibu lililorudi ni sahihi? Likiwa sahihi, linaandika limepita. Kwamba njiani kerneli ilisoma kumbukumbu ya marehemu, yaani iliyokwisha kurudishwa, jaribio lenyewe halina jicho la kuliona. Jicho ni KASAN, na KASAN huwashwa wakati wa kujenga kerneli. Niliwahi kukesha siku mbili na draiva yangu ndogo iliyopita kila jaribio nililoiandikia. Siku ya tatu nikajenga upya nikiwa nimewasha CONFIG_KASAN, ikapiga kelele kabla hata sijaandika amri ya pili. Siku mbili za kahawa zilikwenda bure.

Tena msimbo wenye majaribio mengi nao haujasalimika. Mwishoni mwa 2022, Linux 6.1 ilibadilisha mti unaohifadhi maeneo ya kumbukumbu ya kila mchakato (programu inayokimbia), ikaleta ule uitwao maple tree, ambao ulikuja na majaribio yake marefu. Mwaka 2023 likatangazwa kosa la usalama liitwalo StackRot, lililosajiliwa kwa namba CVE-2023-3269. Majaribio yaliupima mti wenyewe. Kosa lilikuwa kwa anayeutumia: stack (eneo la kumbukumbu ya muda ya mchakato) ilipopanuka, tawi la mti lilibadilishwa bila kushika kufuli ya kuandika, wakati wasomaji wengine bado wanalitazama lile la zamani.

"KASAN ikinyamaza, hakuna kitu"

Mfikirie mpangaji aliyehama akabaki na ufunguo. Akirudi chumba kikiwa kitupu, unamkamata. Akirudi chumba kikiwa na mpangaji mpya, utaona tu mtu kafungua mlango kwa ufunguo unaoingia. Kumbukumbu iliyorudishwa ikigawiwa mtu mwingine, kivuli chake kinarudi kuwa 00 na pointa ya zamani inapita bila swali. Kwa sababu hiyo KASAN huviweka vyumba vilivyohamwa kwenye karantini kwanza. Lakini karantini ina kikomo, sehemu 1 ya 32 ya kumbukumbu ya mashine, na ikijaa vya zamani vinaachiwa.

Halafu kuna makosa ambayo kwa KASAN si makosa kabisa. Kosa la usalama liitwalo Dirty COW, CVE-2016-5195, ndilo mfano wangu wa kudumu. Uzi mmoja wa programu unaandika kupitia /proc/self/mem, mlango wa kumbukumbu ya programu yenyewe, kwenye nakala binafsi ya faili usiloruhusiwa kulibadilisha. Uzi wa pili unaiambia kerneli tena na tena, kwa mwito wa madvise, iitupe nakala hiyo. Zikigongana kwa wakati wake, maandishi yanatua kwenye ukurasa (kipande cha kumbukumbu) wa faili lenyewe badala ya nakala. Ukurasa huo uko hai, haujarudishwa, hakuna aliyevuka mpaka wake. Kivuli ni 00 tupu, KASAN ingesema nini? Kosa lilikaa tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007 hadi Oktoba 2016, na Linus Torvalds mwenyewe, muasisi wa Linux, aliandika kwenye marekebisho kwamba alijaribu kuliziba miaka 11 nyuma, vibaya. Jaribio la kulikamata lingehitaji mtu aliyeuliza swali lingine kabisa: faili la kusomwa tu limebaki kama lilivyokuwa?

"Fazingi ni kurusha takataka ovyo"

Fazingi ni kuipima programu kwa kuirushia data nyingi zinazotungwa na mashine. Ukirusha takataka tupu kwenye miito ya mfumo, yaani maombi ya programu kwa kerneli, karibu yote itakataliwa mlangoni kwa EINVAL, jibu la "ulichotuma si sahihi", na hutaingia ndani hata hatua mbili. Syzkaller, mtambo wa fazingi ulioanzishwa na Dmitry Vyukov wa Google, ina lugha yake ya kueleza kila mwito: huu unazaa namba ya faili, ule unaipokea, hii bendera inakwenda na ile. Juu yake kuna KCOV, iliyoingia 2016, inayoiambia ni mistari gani ya kerneli imefikiwa. Programu ndogo iliyogusa mstari mpya inahifadhiwa na kugeuzwageuzwa, isiyogusa kitu inatupwa. Ni sawa na mvuvi anayekumbuka kila mwamba alikopata samaki. Tangu 2017 syzbot, roboti inayoendesha Syzkaller, hutuma ripoti zake kwa watunzaji bila mtu kuisukuma, na orodha ya makosa ambayo hayajafungwa ina mamia. Kwa hiyo na wale wanaosema mashine imemaliza kazi ya binadamu, wakaitazame foleni hiyo.

"Kerneli ikikosa kumbukumbu, njia ya kushindwa itajipima yenyewe"

Haitajipima. Maombi ya kawaida ya kurasa 8 kushuka chini kerneli hupigania kweli kweli. Itafagia, itasubiri, ikibidi itaua mchakato mwingine kabla ya kukwambia hapana. Matokeo yake ule msimbo wa "nimenyimwa, nirudishe nilivyokwisha chukua" unaweza kukaa miaka bila kukimbia hata mara moja, na humo ndimo watu hurudisha kitu kilekile mara mbili. Dawa ni kunyimwa kwa makusudi. Kerneli ikijengwa na uwezo huo, andika 3 kwenye /proc/self/fail-nth na ombi la tatu la mchakato wako litakataliwa, hata RAM ikiwa tele. Andika 4, kisha 5, uitembelee njia yote. Syzkaller hufanya hivyohivyo.

"kmemleak imetaja, basi kumbukumbu imevuja"

kmemleak, mtambo wa kerneli wa kuwinda kumbukumbu isiyorudishwa, imetaja mshukiwa tu. Kila dakika 10 inapekua kumbukumbu ikitafuta pointa, na kitu kisichoelekezwa na yeyote inakiita yatima. Pointa ikiwa imefichwa kwenye rejista ya kichakataji kwa muda ule, anatajwa asiye na kosa. Namba ya kubahatisha ikifanana na anwani, mwenye kosa anapona. Pekua mara mbili tatu ndipo umwandikie mtunzaji.

"Hizi ni za maabara, kwenye simu haziwezekani"

KASAN kamili, ndiyo, ni mzigo: kivuli peke yake kinakula sehemu 1 ya 8 ya RAM. Lakini tangu Linux 5.12 ya mwaka 2021 ipo KFENCE, iliyotengenezwa kwa kerneli zilizoko kazini. Haikagui kila kitu. Kwa mpangilio wa kawaida, kila milisekunde 100 inachukua ombi moja na kuliweka kwenye ukurasa wa peke yake, wenye ukurasa wa ulinzi kila upande. Ukivuka, kichakataji chenyewe kinakukamata. Vitu 255 vinavyolindwa kwa wakati mmoja vinagharimu MiB 2. Kwenye simu moja unaweza kungoja mwaka mzima usione ripoti. Iwashe kwenye simu laki moja, na lile kosa lisilotokea mezani kwako litatokea leo mchana kwa mtu usiyemjua, likija na majina ya aliyeomba, aliyerudisha na aliyegusa.