Afisa manunuzi hatafuti sifa zenu: dhana potofu kuhusu makala za kampuni kwa wateja wafanyabiashara

Kazi yangu ni kuandikia kampuni za Dar es Salaam zinazouza kwa kampuni nyingine: wauza jenereta wa Barabara ya Nyerere, wauza mashine za kuokea mikate, mawakala wa forodha wa Kurasini. Karibu kila ninapoanza na kampuni mpya nakuta makala za tovuti zimeandikwa kwa bidii na kulipiwa, na hakuna mteja anayezigusa. Mara chache tatizo huwa ni picha au mtindo. Mara nyingi ni dhana chache walizonazo wenye kampuni kuhusu mtu anayesoma. Nitatumia jenereta kama mfano kwa sababu huko ndiko nilikojifunza mengi.

Dhana: "Msomaji wetu ni bosi"

Bosi ndiye anayesaini, hilo halina ubishi. Lakini chukua hoteli ya vyumba 30 pale Sinza. Anayetafuta jenereta ni afisa manunuzi aliyeambiwa asubuhi, "Nitafutie jenereta nzuri, jioni unipe majibu." Fundi umeme wa hoteli ataulizwa kama mashine itabeba pampu ya kisima. Mhasibu atauliza kama VAT imo. Bosi anaingia mwishoni na swali lake moja: kwa nini hawa, wakati wale wengine wana bei ya chini? Makala inayomfaa afisa manunuzi ni ile inayompa majibu ya wote watatu, kwa sababu atasimama mbele yao peke yake, na wewe hutakuwepo.

Katika kampuni moja ya jenereta, Barabara ya Nyerere, nilikuta makala ya kwanza inaanza na ushindani wa dunia ya leo, kisha aya tatu za jinsi kampuni inavyojivunia huduma bora. Nikaomba niketi kaunta siku mbili. Simu ya kwanza niliyoisikia ilikuwa hivi: "Dada, nina friza tatu, AC sita na pampu. Nichukue ya kVA ngapi?"

Dada wa mauzo hakufungua hata karatasi. Aliuliza pampu ni ya kilowati ngapi, na kama inawashwa moja kwa moja au kuna kifaa cha kuiwasha taratibu. Akamweleza kwamba kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta, si sawa na kilowati: kVA 50 si kilowati 50. Kwa jenereta nyingi unazidisha kwa 0.8, unapata kilowati 40. Akamwambia kwamba mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida yake kwa sekunde chache, na hizo sekunde ndizo zinazoizimisha jenereta iliyopigiwa hesabu ya taa na friza peke yake. Mteja akasema basi nipe kubwa kabisa. Akamkatalia. Injini ya dizeli ikifanya kazi muda mrefu chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wake haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi yaliyochanganyika na mafuta meusi hukusanyika kwenye egzosi. Unalipa zaidi kununua, halafu unalipa tena kwa fundi.

Mazungumzo hayakufika dakika tano. Katika makala zote za kampuni ile, hakuna hata moja iliyokuwa na maelezo hayo. Tuliyaandika kama alivyoyasema, fundi mkuu akakagua namba, na chini tukaweka jina lake na kazi yake ili msomaji ajue ni mtu aliyeshika spana. Sijawahi kupata chanzo kizuri cha makala kuliko kaunta ya mauzo na gari la mafundi. Wanaokaa ofisi za juu na kubuni mada kwenye kikao wanajinyima mali iliyo chini ya sakafu yao.

Dhana: "Tukiandika bei, mshindani ataiona"

Mshindani anaijua. Alishamtuma kijana aje kuomba profoma, yaani karatasi ya bei kabla ya kununua, kama ninyi mlivyomtuma wa kwenu. Asiyeijua ni mteja, na akiikosa kwenu hapigi simu kuuliza. Anakwenda kwa anayesema.

Naelewa hofu iliyopo. Bei inatikisika na dola, na kazi mbili hazifanani. Basi andika kiwango cha chini na cha juu, kisha eleza kinachoipandisha na kinachoishusha: aina ya injini, boksi la kuzuia kelele, swichi inayobadilisha umeme yenyewe TANESCO wakikata, urefu wa nyaya hadi kwenye mita, msingi wa zege, usafiri kama kazi iko nje ya Dar. Weka tarehe ya bei. Sema wazi kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo, maana kwenye mashine ya milioni 40 hiyo ni milioni 7.2, na hakuna mhasibu atakayekusamehe ukimshtukiza nayo kwenye ankara. Kama kuna kazi ya kufunga na matengenezo, taja pia kwamba mlipaji atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Nimeona urafiki wa kibiashara wa miaka ukiharibika kwa sababu muuzaji aliona fedha pungufu benki na kudhani amedhulumiwa.

Na andika kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Bado nakutana na makala za kampuni za heshima zenye alama ya dola kila aya, na mwanasheria wa mteja akiiona, ndiyo picha ya kwanza anayoipata kuhusu ninyi.

Dhana: "Kampuni makini zinasoma Kiingereza"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Ni kweli zabuni nyingi, mikataba na vitabu vya mashine viko kwa Kiingereza, na hivyo vina nafasi yake. Lakini uamuzi wa kununua hufikiwa kwa maneno, watu wakizungumza, na maneno ya Dar ni Kiswahili. Afisa manunuzi mwenye shahada mbili akishasoma makala yako ataituma WhatsApp kwa fundi wake wa Mbagala na kuandika chini, "Hebu iangalie hii." Fundi akifungua na kukuta Kiingereza cha kamusi, atajibu, "Sawa, nitaangalia," na habari imeishia hapo. Tajiri wa duka la jumla Kariakoo, anayeagiza makontena, anapangia mzigo wake kwa Kiswahili. Hata mnunuzi kutoka Lubumbashi anayekuja Kariakoo kufungasha anaongea na muuzaji wake kwa Kiswahili.

Ila Kiswahili chenyewe kiwe cha kazi. Niliwahi kuandika "mtambo wa kufua umeme" katika makala nzima, nikijisikia nimetendea haki lugha. Mteja anatafuta "jenereta". Fundi anasema oili, filta, egzosi, saketi breka. Hayo ni maneno yetu sasa, yana viambishi vyetu na wingi wetu, na mtu akiyaona anajua anazungumza na anayeijua kazi.

Dhana: "Google inataka maneno 2,000, na makala mpya kila wiki"

Google yenyewe imesema haina idadi ya maneno inayoipendelea. Na wasomaji? Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alichapisha utafiti wa jinsi watu wanavyosoma kwenye intaneti: asilimia 79 ya waliojaribiwa walipitisha macho tu kila ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Simu za mkononi hazijatufanya tuwe wavumilivu zaidi. Jibu liwe juu, maelezo yafuate.

Kuhusu makala za kila wiki, ningewaomba wenye kampuni wafungue za zamani kwanza. Mwishoni mwa 2023, wakati wa mgao wa umeme, kila muuza jenereta wa mji huu aliandika kuhusu mgao. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukaanza kuzalisha, na bwawa lile limesanifiwa kwa megawati 2,115. Umeme ukaongezeka, na maswali ya wateja yamehama: wanauliza kuhusu umeme unaopanda na kushuka, kuhusu hitilafu inayozuka usiku wa harusi, kuhusu kuunganisha jenereta na sola. Makala inayoanza na "mgao unaoendelea" inamwambia mteja kwamba ofisi hii hakuna anayeangalia. Hali ni hiyo hiyo kwa makala zinazoelekeza wazabuni kwenye TANePS, mfumo wa zamani wa zabuni za serikali mtandaoni, wakati manunuzi ya umma yalihamia mfumo mpya wa NeST mwaka 2023. Kurekebisha makala tano za namna hiyo kuna faida kuliko kuandika kumi mpya za kujaza kalenda.

Dhana: "Isiposomwa na maelfu, imeshindwa"

Hoteli, viwanda vidogo na shule zinazohitaji jenereta ya kVA 100 mwezi huu, Dar nzima, si maelfu. Makala ikisomwa na watu 60 na wanne kati yao wakawa ndio wanaotafuta, imefanya kazi yake. Kwa hiyo mimi huomba kampuni iweke daftari kaunta, na anayepokea simu aandike jambo moja tu: mteja alianza kwa kuuliza nini.

Kule Barabara ya Nyerere kurasa za mwanzo za daftari zilijaa "Mnauza jenereta?" na "Bei gani?" Miezi michache baada ya makala ya pampu kutoka, nilikuwa nimeketi pale tena simu ikiwa imewekwa spika. Mteja akasema, "Pampu yangu ni kilowati 5.5, inawashwa moja kwa moja, na sitaki kubwa ya kunilia mafuta bure. Mnanishauri 30 au 50?" Dada wa mauzo alinitazama, akaandika swali lote kwenye daftari, kisha akavuta kitabu cha profoma.