Dona Si Dawa: Mwenye Kisukari, Sahani Yake na Miguu Yake

Siku ya kliniki ya kisukari, mgonjwa hajaketi vizuri mbele ya meza yangu ya lishe, nimeshaambiwa: "Mimi sembe niliacha zamani. Siku hizi ni dona tu." Husemwa kwa fahari, nami hupongeza, maana dona inabaki na ganda na kiini cha hindi, na nyuzinyuzi zake zina faida. Kisha huomba nionyeshwe kwa mikono ukubwa wa bonge la ugali la usiku. Mikono inapanuka, inazidi kupanuka, na mwenyewe anaanza kucheka.

Dona ni wanga. Ugali wa mtama ni wanga, wa ulezi ni wanga, wa muhogo vilevile. Ndizi za kupika, magimbi, viazi vitamu, wali, chapati na tambi, vyote vikimeng'enywa vinakuwa glukosi, yaani sukari, na kuingia kwenye damu. Kinachotofautiana ni kasi. Dona hupandisha sukari taratibu kidogo kuliko sembe, lakini ikisagwa laini kama poda tofauti hiyo hupungua, na bonge mbili za dona zitakupeleka juu kuliko nusu bonge ya sembe. Mtu aliyebadilisha unga akaacha kiasi kilekile asishangae mashine ya kupimia sukari ikimsomea 14 asubuhi (namba zangu zote za sukari ni milimoli kwa lita).

Jibu ninalorudishiwa ni moja: "Mbona babu alikula ugali mkubwa kuliko huu, akafika miaka tisini?" Swali zuri, na sipendi wataalamu wenzangu wanavyolipita haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wapimaji walizunguka vijiji sita vya Tanzania wakakuta kisukari kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kama asilimia 9 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikufanywa kwa njia moja, kwa hiyo tusizilinganishe kama mizani ya duka, lakini mwelekeo wake unaonekana. Ugali ulikuwepo nyakati zote mbili. Babu alikwenda shamba kwa miguu, akalima kwa mkono, akarudi na mzigo wa kuni. Mjukuu wake anapanda bodaboda kutoka mlangoni hadi dukani, anakaa dukani hadi saa tatu usiku, anarudi, anakula, analala. Amerithi bonge la ugali, jembe hakulirithi.

Basi tuanze na bonge lenyewe. Tunafundisha hivi: sahani ya kawaida, ile ya upana wa sentimita 23 hivi, nusu yake iwe mboga, robo iwe kitoweo, robo iliyobaki iwe wanga. Robo hiyo ya ugali au wali hukaribia ukubwa wa ngumi yako mwenyewe. Ni rahisi kueleza, ila kwetu ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza uko kwenye neno lenyewe. Tunaposema "mboga" nyumbani, tunamaanisha chochote kinachoteremsha ugali: nyama ni mboga, dagaa ni mboga, mchuzi wa viazi mviringo ni mboga. Kuna waliotii "nusu sahani mboga" kwa moyo wote, wakajaza viazi na nyama. Ninachokusudia ni mchicha, matembele, mnafu, majani ya maboga, bamia, bilinganya, nyanya chungu, kabichi. Viazi hesabu pamoja na ugali. Maharage, kunde na choroko weka upande wa kitoweo. Yana wanga ndani, lakini husagika polepole tumboni na yana protini. Kisamvu ni mboga nzuri, ila kikishaungwa kwa tui zito na karanga kinakuwa na mafuta mengi, na unene wa kiuno ndio unaofanya mwili uzidi kuikaidi insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli.

Mtego wa pili ni sinia. Familia inapokula pamoja, ugali ukiwa katikati, nani atajua amekula ngumi ngapi? Simwambii mtu ajitenge, kula peke yake kwetu ni kama adhabu. Kata fungu lako mwanzoni, liweke kwenye kisahani, kaa na wenzako palepale, na likiisha endelea na mboga. Wengine wanaona wakianza na mboga na kitoweo kabla ya tonge la kwanza la ugali wanashiba mapema zaidi. Fanya hivyo.

Uji wa lishe nao una sifa isiyoustahili. Unga uliochanganywa mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga unamfaa mtoto anayekua. Kwa mwenye kisukari, kikombe kikubwa cha uji huo ni wanga wa kunywa, na cha kunywa hupita haraka, hata kabla ya kuongeza sukari. Asali nayo ni ya asili, kweli, na kama asilimia 80 yake ni sukari. Juisi ya miwa sina haja ya kuieleza. Chai ya vijiko vitatu mara tatu kwa siku ni vijiko tisa. Punguza kijiko kimoja kila wiki na ulimi utazoea. Matunda kula, moja kwa wakati, kwa kutafuna. Na wala usitafute vyakula vya bei vilivyoandikwa "kwa wagonjwa wa sukari". Fungu la mchicha na dagaa wa sokoni vinatosha.

Sasa miguu. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho walichonacho wagonjwa wengi, kongosho bado linatoa insulini lakini seli haziisikii vizuri, kwa hiyo glukosi inabaki kwenye damu. Msuli unaofanya kazi una njia yake nyingine: ukijikunja na kujikunjua huvuta glukosi bila kuingoja insulini, na kwa siku moja au mbili baadaye unaipokea insulini vizuri zaidi. Ndiyo maana tunasema zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho, ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Wakati wa kutembea nao una maana yake. Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kilichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili. Kipindi kimoja walitembea dakika 30 wakati wowote wa siku. Kipindi kingine walitembea dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Dakika ni zilezile, lakini sukari ya baada ya kula ilishuka zaidi walipotembea baada ya mlo, hasa mlo wa jioni. Ukifikiri jinsi tunavyokula, kifungua kinywa chepesi na bonge lote linangoja usiku, kisha tamthilia na kitanda, ushauri huu ni kama ulitungwa kwa ajili yetu.

Najua vikwazo. Mama wa makamo akitoka kutembea saa mbili usiku, mtaa mzima utauliza anakwenda wapi, na si kila mtaa ni salama. Tafuteni jirani mmoja mtoke wawili. La sivyo kuleni mapema, mtembee kabla ya giza, au zunguka uani mwako. Anayeumwa magoti aketi kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara kumi, apumzike, arudie. Kazi za nyumbani? Kuchota maji na kufua kwa mkono ni mazoezi. Kuchambua mchele umekaa, hapana.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili ziache bafuni. Kisukari cha muda mrefu hufisha hisia za nyayo, na mtu anaweza kutembea na msumari mguuni hadi jioni asijue. Ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole. Usipoona vizuri, mpe mtoto akukagulie.

Hapa nitakaza sauti kidogo. Ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi, ukapunguza ugali na kuanza kutembea bila kumwambia daktari, sukari yako inaweza kushuka mno, kwa sababu dozi ilipangwa kwa ulaji wa zamani. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, maneno kukuchanganya: pima, na ikiwa chini ya 3.9, au huna kipimo, koroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida yenye sukari. Subiri dakika 15, pima tena, kisha kula. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbize hospitali. Metifomini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumiwa peke yake huleta hali hii kwa nadra. Tembea na sukari au pipi mfukoni, hata kama ndiyo uliyokatazwa mezani.

Mwenye aina ya kwanza, ile ambayo kongosho halitoi insulini ya kutosha na mara nyingi huanza utotoni au ujanani, asiache insulini hata siku moja, hata akiahidiwa mlonge au dawa yoyote ya mizizi. Kwake chakula na mazoezi vinasaidia insulini, haviwezi kushika nafasi yake.

Wafungao Ramadhani waje kliniki wiki sita hivi kabla ya mwezi, dozi zipangwe upya. Kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi, wanazuoni wengi wamelisema. Ikishuka chini ya 3.9 au kupita 16.7, fungua. Na futari ya pwani, tambi za sukari, mihogo ya nazi, viazi na kaimati kwenye meza moja, ni wanga mara nne, chagua kimoja.

Usiniamini mimi, iulize mashine yako. Chagua siku mbili utakazokula chakula cha jioni kilekile, kiasi kilekile. Siku ya kwanza pima kabla ya kula, kisha zikitimia saa mbili tangu tonge la kwanza, ukiwa umekaa muda wote huo. Siku ya pili fanya hivyohivyo, ila ukimaliza kula na kunawa mikono toka utembee dakika 10. Ni vijiti vinne tu vya kupimia. Lengo kwa wengi ni chini ya 10 baada ya kula. Andika namba zote nne kwenye daftari la kliniki, na pembeni yake uchore ukubwa wa bonge la ugali. Njoo nalo.